Mvunja Vijiwe: Vituko Tisa vya Urea Majini

Mvua imeshuka ghafla Kariakoo. Dakika haijaisha, watu ishirini wamebanana chini ya kibaraza cha duka moja: muuza karanga na beseni lake, wanafunzi wawili, fundi simu, mama mwenye mtoto mgongoni. Mpita njia angedhani ni ukoo mmoja. Wapi! Hawajuani hata majina. Kilichowakusanya ni kuikimbia mvua, si kupendana. Sasa mtu apite akigawa miavuli. Kijiwe kitavunjika chenyewe, kila mmoja atashika njia yake, na hakuna atakayekuwa amefukuzwa.

Ishike picha hiyo, maana ndiyo hoja yangu yote. Molekuli zenye tabia ya mafuta zikiwa majini hufanya vivyo hivyo. Maji hushikana mikono yenyewe kwa yenyewe. Asiyejua kushikana nayo husukumwa pembeni, hukutana na wenzake waliosukumwa, wakabanana. Wengi husema urea huvunja makundi hayo, kana kwamba inaingia na rungu. Mimi nasema inaingia na miavuli.

Ni urea ileile ya mfuko wa kilo 50 unaopelekwa shambani kwa baiskeli, ileile ya mkojo na jasho. Ina atomi nane tu: kaboni moja, oksijeni moja, naitrojeni mbili na haidrojeni nne. Kingo zake zinashikana mikono na maji kama mzaliwa wa humo humo. Ubavu wake unaegemea mafuta bila kununa. Wachache wanaweza yote mawili.

Nimepanga vituko vyake kutoka cha tisa hadi cha kwanza. Vigezo ni viwili: kinashangaza kiasi gani, na kinamgusa nani. Mpangilio ni wangu, ubishi ni wako.

9. Ndoo inayopoa bila barafu

Mkulima aliyewahi kukoroga urea kwenye maji anakijua hiki kwa kiganja. Anatia punje, anakoroga, ndoo inakuwa baridi kama imetoka mtungini. Punje hizo zimeshikana kwa bondi za haidrojeni. Kuzibandua kunataka joto, na joto hilo linachotwa kwenye maji yenyewe. Ndiyo maana urea imo kwenye baadhi ya zile pakiti za kukandia wachezaji: unaiminya, kifuko cha maji kinapasuka ndani, na goti la winga linapata nafuu pembeni mwa uwanja.

Halafu angalia inavyoyeyuka. Gramu 100 za maji ya nyuzi 20 humeza zaidi ya gramu 100 za urea. Chumvi ya mezani huishia gramu 36 hivi. Chumvi, kaa chini.

Hukumu: kizuri, ila bado hatujavunja kijiwe chochote isipokuwa cha urea yenyewe. Namba tisa inakitosha.

8. Rangi zilizolaliana kama chapati

Molekuli nyingi za rangi ni bapa. Zitie majini, nazo zitalaliana moja juu ya nyingine kama chapati kwenye hotipoti. Chukua methilini buluu, rangi ya maabara ambayo Paul Ehrlich aliwahi kuwapa wagonjwa wa malaria mwaka 1891. Ikiwa mojamoja, hufyonza mwanga zaidi karibu na nanomita 664. Zikilaliana mbilimbili, kilele hicho kinahamia karibu na 610. Ongeza urea, na kipimo kinaanza kurudi kule kwenye 664: chapati zinabanduka.

Wachapaji wa vitambaa vya pamba wanalitumia jambo hili kiwandani. Urea huchanganywa kwenye uji wa rangi ili rangi isigande mabonge, na wakati wa kufukiza kwa mvuke urea hiyo hushikilia unyevu, rangi ikapata njia ya kuingia kwenye uzi. Maua yanatoka yamekolea, hayana madoa.

Hukumu: mwenye kabati la vitenge atasema nimeikandamiza. Nipe hadi namba tano, kisha tuongee.

7. Mvunja vijiwe anajenga nyumba

Hiki ni kifupi na ni kinyume cha vyote vinavyofuata. Mwaka 1940 Mjerumani Friedrich Bengen aligundua kwamba urea ikiganda kuwa fuwele mbele ya molekuli ndefu za mafuta, hujijenga kuzizunguka: vijia virefu vyembamba vya pembe sita, na ndani ya kila kijia molekuli zimejipanga mstari mmoja kama abiria kwenye ujia wa daladala. Zilizonyooka zinaingia. Zenye matawi zinakwama mlangoni. Wanakemia wakapata chekecheke ya kutenga mafuta yaliyonyooka na yale yenye matawi, bila tundu hata moja la chuma.

Hukumu: majini inatawanya, ikiganda inakusanya. Ndugu yenu huyu ana sura mbili, nami nampenda kwa zote mbili.

6. Sabuni inayokosa wenzake

Molekuli ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyachukia. Zikiwa chache, kila moja inahangaika peke yake. Zikifika idadi fulani, ghafla zinaunda duara: mikia ndani, vichwa nje. Duara hilo ndilo miseli, na humo ndani ndimo uchafu wa mafuta unamobebwa. Sodiamu dodesili salfeti, ile inayotoa povu kwenye dawa nyingi za meno, huanza kuunda miseli ikifika milimoli 8 hivi kwa lita, yaani gramu mbili na kidogo. Kila duara huwa na wanachama kama sitini.

Tia urea ya kutosha, na hesabu inaharibika. Sasa unahitaji sabuni zaidi ndipo duara la kwanza litokee, na likitokea lina wanachama wachache. Mkia ule uliokuwa ukiteseka majini umepata mwavuli. Haraka ya kukimbilia kibarazani inatoka wapi?

Hukumu: hapa ndipo hoja yangu inasimama kwa miguu yake mwenyewe. Na tafadhali, mbolea ibaki stoo. Kwenye beseni la kufulia itakuongezea gharama ya sabuni.

5. Gesi ya mtungi inakubali, ya Songo Songo inakataa

Sasa nakuletea anayeonekana kunisaliti. Mwaka 1964 Donald Wetlaufer na wenzake walipima jinsi gesi za jamii ya mafuta zinavyoyeyuka kwenye maji yenye urea. Propani na butani, hizo za mtungi wa jikoni kwako, ziliyeyuka zaidi kuliko kwenye maji matupu. Methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa kabisa ya gesi asilia ya Songo Songo, iliyeyuka kidogo kuliko kwenye maji matupu. Urea ileile, ukoo uleule wa gesi, majibu mawili.

Mbishi atasema: mwavuli gani huo unaomlowesha mdogo wa familia? Jibu liko kwenye ukubwa wa mwili. Kumkaribisha mgeni majini lazima kwanza ufungue nafasi, na kufungua nafasi ndani ya maji yenye urea kunagharimu zaidi. Mgeni hulipa gharama hiyo kwa kuegemeana na urea. Butani ana ubavu mpana, analipa na chenji inabaki. Methani ana kaboni moja tu. Hana pa kuegemea, anabaki na deni.

Hukumu: kituko changu cha moyoni. Kingekuwa juu zaidi kama kingemgusa mtu mwingine zaidi ya sisi tunaokesha tukibishana juu yake.

4. Magaga

Hapa hatubishani, tuangalie visigino. Ngozi yako ina urea yake, ni sehemu ya mchanganyiko wa asili unaoishikia maji. Krimu zenye urea asilimia 5 hadi 10 huongeza unyevu huo. Panda hadi asilimia 40 na kazi inabadilika: nyuzi za keratini zilizoshikana kwa bondi za haidrojeni zinaanza kulegea, gamba gumu la kisigino linakuwa laini, hata kucha nene iliyoharibika inalainika kiasi cha kukatika. Ni hadithi ileile ya ndoo na sabuni, safari hii imekaa mguuni.

Ila nakusihi kwa dhati: urea ya mfuko wa mbolea haikusafishwa kwa ajili ya ngozi. Nenda duka la dawa.

Hukumu: kila msomaji ana mtu nyumbani anayehitaji namba nne. Mpelekee.

3. Yai lililochemshwa likarudi

Kila bibi anajua kwamba yai likichemka limechemka. Lakini kwanza tupite kwa Christian Anfinsen, kwenye taasisi za taifa za afya za Marekani kule Bethesda.

Protini ni uzi mrefu wa shanga, umejikunja kwa namna moja maalumu. Shanga zenye tabia ya mafuta zimejificha katikati, chini ya kibaraza chao wenyewe. Anfinsen alichukua protini iitwayo ribonyukilezi, yenye shanga 124 na pini nne za salfa zinazoufunga uzi wake. Akaitia kwenye urea ya moli 8 kwa lita, yaani karibu nusu kilo ya urea katika kila lita, pamoja na dawa ya kufungua pini. Uzi ukakunjuka wote, kazi ikakoma. Kisha akaiondoa urea taratibu. Pini hizo zinaweza kufungana kwa njia 105, lakini uzi ulirudi kwenye ile moja sahihi na protini ikaanza kazi tena. Alipoziacha pini zifungane urea ikiwa bado imo, zilifungana ovyo, na kazi karibu yote ikapotea. Nobel ya kemia ilimfikia mwaka 1972. Alichokionyesha bado kinanisisimua kila nikikifikiria: ramani ya umbo imeandikwa kwenye uzi wenyewe. Ukiondoa mwavuli, kila shanga inakumbuka kibaraza chake.

Mwaka 2015 Gregory Weiss wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Irvine, na wenzake akiwemo Colin Raston wa Flinders, Australia, walilipeleka jambo hili jikoni. Walichemsha ute wa yai dakika 20 kwenye nyuzi 90. Wakatia urea, na ute mgumu ukawa majimaji. Hapo protini zilikuwa nyuzi zilizovurugika, si ute wa kawaida. Ndipo wakazizungusha kwa kasi ndani ya mrija ili zinyooke na kujikunja upya, na kimojawapo kati ya vimeng'enya vya ute huo, lisozimu, kikarudi kazini. Kazi ya siku ikawa ya dakika. Mwaka huo huo wakapata tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kwanza kisha unafikirisha. Yai lenyewe halikuwa la kula, basi usilete mkate.

Urea inaukunjuaje uzi? Hapa pana timu mbili, na zimekabana kwa miongo. Timu ya Maji, iliyotiwa nguvu na Henry Frank na Felix Franks mwaka 1968, inasema urea huvuruga mpangilio wa maji, na maji yaliyovurugika hayawasukumi tena wenye mafuta. Timu ya Mkono inasema urea inaigusa protini yenyewe. Mwaka 2006 Yves Rezus na Huib Bakker, Amsterdam, walitumia mapigo mafupi mno ya leza kutazama molekuli za maji zinavyogeuka. Hata urea ikiwa nyingi, sehemu kubwa ya maji iligeuka kama kawaida. Takriban molekuli moja tu ya maji kwa kila urea ndiyo iliyokwama. Mwaka 2008 Bruce Berne, Devarajan Thirumalai na wenzao waliigiza jambo hilo kwenye kompyuta kwa lisozimu, wakaona urea inaingia ndani ya protini kabla ya maji, kwa kuegemeana nayo kuliko maji yanavyoweza.

Kura yangu ni ya Timu ya Mkono. Mvua Kariakoo haijakatika. Watu wamepata miavuli.

Hukumu: shaba. Kama wewe ni wa Timu ya Maji, hapa ndipo pa kunishika shati.

2. Papa na silikanti

Damu yako ina urea ya milimoli 5 hivi kwa lita. Ikipanda sana, daktari anauliza habari za figo. Papa anaogelea na milimoli 350 hivi, na anawinda kama hakuna lililotokea.

Anaihitaji. Maji ya bahari yana chumvi kuliko damu ya samaki wengi, kwa hiyo bahari inawanyonya maji mwilini mchana na usiku. Papa na taa wamejaza mwili wao urea hadi ukolezi wa damu ukalingana na wa bahari. Kunyonywa kumekwisha. Lakini wewe msomaji wa namba tatu umeshashtuka: protini zao je? Urea yote hiyo ingezilegeza.

Mwaka 1979 Paul Yancey na George Somero walitoa jibu ambalo bado ni mojawapo ya mambo matamu kuliko yote katika biolojia. Papa hubeba pia trimethilamini oksidi na ndugu zake, takriban sehemu moja kwa kila sehemu mbili za urea. Molekuli hizo hazipendi kukaribia uti wa protini, na protini hujibu kwa kujikunja zaidi. Urea inagawa miavuli. Mwenzake anaongeza mvua. Kwa kipimo cha mbili kwa moja, mambo yanalingana, na protini inabaki na umbo lake.

Na sasa sokoni Feri. Ile harufu ya papa mkavu inayokupokea kabla hujamwona muuzaji ni jozi hiyohiyo ikivunjwa na bakteria: urea inakuwa amonia, mwenzake anakuwa trimethilamini, ambaye ndiye shombo lenyewe. Mama wa pwani anayemloweka papa na kumwaga maji yake kabla ya kumtia kwenye tui anafanya kemia safi, kwa kuwa vyote vinayeyuka majini. Zungumza naye kwa heshima, anajua kuliko vitabu.

Silikanti naye ni wa klabu hii. Samaki huyu alidhaniwa ametoweka tangu enzi za dinosaria, hadi Marjorie Courtenay-Latimer alipomwona Afrika Kusini mwaka 1938. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wavuvi wa Tanga wamekuwa wakimnasa, na mwaka 2009 akatengewa hifadhi ya bahari hapo hapo. Mzee huyu wa kale hahusiani na papa kwa karibu, lakini naye huhifadhi urea mwilini na kuitia trimethilamini oksidi pembeni.

Hukumu: fedha, nusura dhahabu. Watu wa Tanga, nimewasikia. Someni kwanza kinachofuata.

1. Selimundu

Katika himoglobini ya mgonjwa wa selimundu, shanga moja imebadilika: nafasi ya sita ya uzi wa beta, mahali pa glutamati, pamekaa valini, shanga yenye tabia ya mafuta. Damu ikiwa imebeba oksijeni hakuna shida. Oksijeni ikishuka, valini hiyo inapata kishimo kwenye himoglobini ya jirani, inajificha humo kuyakimbia maji, na jirani naye anamshika mwingine. Zinaota kamba za nyuzi 14 zilizosokotana. Seli inavutwa ikawa kama mundu, inakwama kwenye mishipa midogo, na mtoto anaamka usiku akilia mifupa inamuuma. Ni kijiwe, sawa na vya sabuni na rangi. Hiki kinaua.

Ukishajua hilo, wazo linakuja lenyewe: tia urea. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Robert Nalbandian na wenzake huko Michigan walifanya hivyo, wakiwadungia wagonjwa urea wakati wa maumivu makali. Kwenye mrija wa maabara urea nyingi hulegeza kweli kamba hizo. Lakini kiasi kinachotosha kulegeza ni kikubwa kuliko ambacho damu ya mtu hai ingevumilia, na urea inayopita kwenye figo huondoka na maji ambayo mgonjwa huyo anayahitaji kuliko yeyote. Majaribio yaliyochapishwa 1974 yalionyesha haiwashindi wenzake waliolinganishwa nayo. Ikaachwa.

Urea iliyoyeyuka, hata hivyo, ina siri ndogo: polepole, kiasi chake kidogo hugeuka kuwa sayanati. Friedrich Wöhler aliitengeneza urea mwaka 1828 kutokana na sayanati hiyohiyo, bila figo ya mtu wala ya mnyama. Majini safari hiyo inarudi nyuma. Mwaka 1971 Anthony Cerami na James Manning wa Rockefeller, New York, walionyesha kwamba sayanati kidogo hujibandika kwenye himoglobini na kuzuia seli isipinde. Matumaini yalikuwa makubwa. Kisha wagonjwa waliomeza dawa hiyo wakaanza kuumia mishipa ya fahamu, nayo ikaachwa.

Jina la urea lilirudi kwa mlango mwingine. Haidroksiyurea ni urea iliyoongezewa oksijeni moja, na Marekani iliikubali kwa watu wazima wenye selimundu mwaka 1998. Kisha watoto 606 wa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda wakaanza kuimeza katika utafiti uliotangazwa mwishoni mwa 2018 na kuchapishwa 2019. Maumivu yalipungua, kuongezewa damu kukapungua, malaria ikapungua, vifo vikapungua. Wengi walikuwa wamesema dawa hiyo haitafaa kwenye nchi zenye malaria. Watoto hao walijibu.

Hukumu: dhahabu, na hapa sitoi hata inchi. Bishana nami juu ya papa, juu ya chapati, juu ya Timu ya Maji. Ni kweli, haidroksiyurea haigawi miavuli kabisa. Inaifanya damu itengeneze tena himoglobini ya mtoto aliye tumboni, na hiyo haiingii kwenye kamba. Inajaza nafasi ndani ya seli, kamba inachelewa kuota, na seli inawahi kufika mapafuni ikiwa bado mviringo.